Likizo ya mwezi mzima: maktaba, vitabu vya nyumbani, simu au tuisheni?

Julai, siku ya kwanza darasani, huwa naanza na ukurasa uleule tulioufungia mwanzoni mwa Juni. Mtoto wa darasa la pili aliyekuwa anasoma "ng'ombe wa mjomba amekunywa maji" kwa pumzi moja sasa anaweka kidole chini ya neno la kwanza, anasema "ngo", anasita, ananitazama usoni kama jibu limeandikwa huko, kisha anajaribu tena: "ngo-mbe". Akifika "amekunywa" anasimama kabisa. Herufi hajazisahau, ukimuuliza moja moja atakutajia zote. Kilichomtoka ni ule wepesi wa kuziunganisha, na bila wepesi huo mtoto hufika mwisho wa sentensi akiwa ameshasahau mwanzo wake.

Hali hii haiko kwetu peke yetu. Marekani, ambako likizo ya kiangazi huzidi miezi miwili, mtafiti Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti nyingi wakatoa uchambuzi wao mwaka 1996: kwa wastani watoto walirudi shuleni wakiwa wamepoteza kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na kwenye kusoma walioumia zaidi ni wa familia zenye kipato kidogo. Likizo zetu za Juni na Desemba ni fupi kuliko hiyo. Lakini mtoto aliyejua kusoma juzi tu hahitaji miezi miwili kupoteza alichopata.

Kila likizo inapokaribia wazazi huniuliza, "Mwalimu, huyu nimpeleke wapi?" Huwa wameshafikiria njia nne: kumpeleka maktaba, kumnunulia vitabu, kumpa simu yenye hadithi, au kumwandikisha tuisheni. Zote nne nimeziona zikifaa na zote nne nimeziona zikishindikana, ikitegemea nyumba. Kwa hiyo nitazipitia kwa vipimo vilevile.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni gharama, na hapa nahesabu kila kitu: nauli, bando, ada, na siku ambayo mama ameacha genge lake kumsindikiza mtoto. Cha pili, nani anachagua kitabu. Hiki wazazi wengi hukiruka, nami nakipa uzito mkubwa, sababu nitaieleza. Cha tatu ni muda wa mtu mzima. Cha nne ni lugha na kiwango, kwa kuwa shule za serikali Tanzania hufundisha msingi kwa Kiswahili na shule nyingi za binafsi hufundisha kwa Kiingereza, na mtoto aliyepewa kitabu cha lugha asiyoisikia nyumbani anabeba mizigo miwili kwa mpigo. Cha tano: likizo ikiisha, nyumbani kunabaki nini?

Alama za mtihani sikuziweka. Likizo ni ya kupumzika, na dakika 20 kwa siku za mtoto anayesoma kwa hamu yake zinamtosha.

Maktaba ya umma

Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Leo ziko maktaba za mikoa na za baadhi ya wilaya, na wazazi wengi hupita mbele ya jengo kila siku wakidhani ni la wanachuo. Ingia, uulize sehemu ya watoto. Kenya, maktaba za taifa zimefika kaunti nyingi, na Garissa tangu 1996 vitabu vimekuwa vikipelekwa kwa watoto wa wafugaji vikiwa mgongoni mwa ngamia. Habari ya ngamia hao hunipa moyo kila ninapoikumbuka: watu waliona maktaba haifikiki, wakaipeleka.

Kwenye gharama, ada si jambo la kutisha, jambo ni nauli. Ukienda mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, hizo ni safari nane za kwenda na kurudi kwa watu wawili, kwa sababu mtoto wa miaka saba hapandi daladala peke yake. Anayekaa umbali wa kutembea kwa miguu ana bahati kubwa na pengine hajui. Kuhusu kuazima vitabu kwenda navyo nyumbani, uliza mapema masharti ya uanachama na mdhamini, ili usifike na mtoto halafu mkarudi mikono mitupu.

Kwenye kuchagua, maktaba haina mpinzani. Mara ya kwanza nilipompeleka binti yangu alivuta kitabu cha chura, akasoma kurasa mbili, akarudisha. Akavuta cha treni, akakitazama picha, akarudisha. Nilitaka kumwambia, "Mwanangu, chukua kimoja ukae." Mkutubi akaniashiria nimwache. Cha nane alikaa nacho sakafuni, miguu ameikunja, na alipoinua kichwa saa ilikuwa imepita. Vile saba alivyorudisha ndivyo vilivyomfundisha anapenda nini. Dukani nisingeweza kumruhusu afungue vitabu vinane.

Muda wa mtu mzima ndio udhaifu wake mkubwa, maana lazima mtu ampeleke na amsubiri. Upande wa lugha, kwenye maktaba nilizozitembelea hadithi za Kiingereza ni nyingi kuliko za Kiswahili, na nyingine zinazungumzia theluji na vyakula ambavyo mtoto hajawahi kuviona. Za Kiswahili zipo, ila inabidi uzitafute, na mkutubi akijua unazitaka atakusaidia. Likizo ikiisha kinachobaki ni mazoea ya kuingia mahali pa vitabu bila woga, na hayo hudumu.

Inamfaa mtoto anayejua kusoma tayari, kuanzia darasa la tatu hivi, aliye karibu na mjini na mwenye kaka, shangazi au mzazi wa kumsindikiza. Aliyekwama kwenye silabi atatazama picha tu asipopata mtu wa kukaa naye.

Vitabu vya nyumbani

Hapa siongelei kabati la vioo. Naongelea vitabu vinane au kumi kwenye boksi la karatasi, chini ya kitanda, ambavyo mtoto anavifikia bila kuomba.

Utafiti ninaourudia mara nyingi kwa wazazi ulifanyika Florida, ukachapishwa 2010 na Richard Allington, Anne McGill-Franzen na wenzao. Watoto wa shule za maeneo ya kipato cha chini walipewa vitabu 12 kila kiangazi, kwa viangazi vitatu mfululizo, wakaenda navyo nyumbani viwe vyao. Vitabu hivyo walijichagulia wenyewe. Mwishowe walikuwa mbele ya wenzao ambao hawakupewa. Ndiyo maana suala la nani anachagua nikalipa uzito. Mtoto akichaguliwa kitabu anakiona ni kazi ya shule iliyobadilishwa jalada.

Gharama ndiyo inayorudisha watu nyuma, na ni haki yao. Kijitabu cha hadithi ni bei ya mboga ya siku, na kinaisha kwa jioni moja. Mtaani kwetu tulilitatua hivi: familia tano, kila moja ikanunua vitabu viwili, basi kila nyumba ikawa na uwezo wa kusoma kumi. Tulikaa mkekani barazani, tukaandika majina ya vitabu kwenye daftari, na kila Jumamosi asubuhi watoto walikuja kubadilishana. Mtoto mmoja wa darasa la nne tulimkabidhi daftari. Alilishika kama karani wa mahakama: jina, kitabu, tarehe, na sehemu ya kueleza kimerudi na hali gani. Kitabu kimoja kilirudi na alama ya mchuzi ukurasa wa 12. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikafikiri, kitabu chenye mchuzi kilikuwepo wakati wa kula. Watu walikuwa wanakisoma.

Vitabu vya Kiswahili vya watoto vipo kuliko tunavyodhani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza 1991, na wachapishaji kama Mkuki na Nyota, E&D Vision na Readit wanavyo vya ngazi mbalimbali. Ukiwa na mtoto dukani, mpe kiasi, mwambie, "Chagua viwili ndani ya hela hii," kisha sogea pembeni. Akichagua kilicho rahisi kwake, mwache. Kitabu rahisi humjengea mwendo. Kama unataka kujua kiwango, mfungulie ukurasa mmoja asome kwa sauti; akikwama maneno matano au zaidi hapohapo, hicho ni cha kusomewa kwanza.

Muda wa mtu mzima unahitajika, ila kidogo na kwa saa unazozipanga wewe. James Kim na Thomas White, katika utafiti wao wa 2008, waliona kwamba vitabu peke yake havikufanya makubwa. Vilifanya kazi watoto walipofundishwa namna ya kusoma na wakawa na mtu nyumbani wa kuwasikiliza na kuwauliza. Huyo mtu si lazima awe mwalimu. Mama anayemenya viazi anaweza kusikiliza. Baba asiyejua kusoma vizuri anaweza kuuliza, "Halafu sungura akafanyaje?" na swali hilo lina kazi kuliko masahihisho kumi.

Likizo ikiisha, vitabu vinabaki, na mdogo wake atavikuta. Njia hii inafaa karibu umri wote, ila inadai nyumba yenye mtu wa kusikiliza japo robo saa, na majirani mnaoaminiana kama mtaamua kubadilishana.

Simu

Nilikuwa naipinga. Nimebadilika baada ya kuona African Storybook, mkusanyiko wa hadithi za bure wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ulioanza kuwa mtandaoni 2014. Hadithi zimepangwa kwa ngazi, kuanzia ukurasa wenye neno moja au mawili hadi wenye aya ndefu, na Kiswahili kipo kwa wingi. StoryWeaver ya Pratham Books kutoka India, iliyoanza 2015, nayo ina Kiswahili. Kwa vitabu vya kiada, Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba yake mtandao.

Gharama ni ndogo kama simu ipo tayari: bando la kupakua mara moja, halafu mtoto anasoma bila intaneti. Pakua hadithi kumi usiku, zima data, ndipo umpe simu. Data ikiwa wazi, hadithi haiwezi kushindana na katuni, na mtoto usimlaumu.

Kuchagua kupo, tena kwa upana kuliko duka lolote la mkoani. Lugha ndiyo nguvu yake kubwa: hadithi hiyohiyo unaweza kuisoma kwa Kiswahili leo na kwa Kiingereza kesho, jambo linalomsaidia sana mtoto aliyehamishwa shule ya Kiingereza. Kiwango kimeandikwa, huhitaji kubahatisha.

Muda wa mtu mzima ndio wanaoukosea wengi. Mzazi hutoa simu ili apumzike. Mtoto mdogo akiwa peke yake hutelezesha kurasa, anatazama picha, anakuambia amemaliza hadithi sita kwa dakika kumi. Kaa naye ya kwanza, mshike kidole kwenye mstari, msome kwa zamu ukurasa kwa ukurasa. Nyumba nyingi pia zina simu janja moja, ya baba, na baba anatoka nayo saa kumi na mbili asubuhi. Hapo usomaji unakuwa wa usiku tu, macho yamechoka na chaji imebaki kidogo. Ukiweza, chapisha hadithi mbili tatu pale wanapotoa kopi, uzibane na pini. Leseni za hadithi hizi zinaruhusu, na ghafla simu imegeuka boksi la vitabu.

Likizo ikiisha hubaki kidogo sana kinachoshikika: simu inarudi kwa mwenyewe. Njia hii inafaa walio mbali na maktaba na duka, wenye watoto wa ngazi tofauti nyumba moja, na mzazi mwenye nidhamu ya kuzima data.

Tuisheni ya likizo

Kenya sheria imeshasema: kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Tanzania nako serikali imekuwa ikisisitiza watoto wapewe nafasi ya kupumzika. Hata hivyo najua kwa nini wazazi wanaitafuta, na sitawasema vibaya. Mama anayetoka kwenda sokoni alfajiri anajua mtoto yuko mahali salama na mtu mzima hadi mchana. Hilo peke yake lina thamani.

Gharama ni ya kila wiki, na kwa watoto watatu inapanda haraka. Kuchagua hakuna, mwalimu anaandika ubaoni, wote wanasoma hichohicho. Muda wa mzazi hauhitajiki, na hapo ndipo tuisheni inazishinda njia zote tatu. Lugha na kiwango hutegemea mwalimu, na mara nyingi kinachofanyika ni kujibu maswali ya mitihani iliyopita, kazi ambayo haimpi mtoto mwendo wa kusoma.

Ukimwandikisha, muulize mwalimu: kila mtoto anasoma kwa sauti mara ngapi kwa siku? Piga hesabu mwenyewe. Watoto 40 kwenye saa moja ni dakika moja na nusu kila mmoja, hata kama mwalimu hakusema neno. Watoto sita kwenye saa hiyo ni dakika kumi kila mmoja. Kwa mtoto ambaye mpaka Juni hajaweza kuunganisha silabi, hizo dakika kumi na mwalimu mvumilivu ni bora kuliko boksi la vitabu asivyoweza kufungua. Huyo ndiye ninayempendekezea tuisheni, ya kikundi kidogo, asubuhi tu, na mchana akacheze.

Kinachobaki ni ujuzi, kama ulifundishwa. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma anaweza kurudi shule amechoka na hataki kuona kitabu, nami nimewapokea wa namna hiyo.

Uchague vipi

Kama mtoto anaelekea kijijini kwa bibi mwezi mzima, usibebe mpango wa mjini. Weka vitabu vitatu kwenye begi, viwili vya kujisomea na kimoja cha kumsomea bibi, kisha mpe daftari na penseli. Jioni bibi akisema "Paukwa!" na wajukuu wakaitika "Pakawa!", mwenye daftari aandike asubuhi yake alichokumbuka, japo mistari mitano. Anaporudi, hicho ndicho kitabu chake cha kwanza kusoma mbele yako. Maneno yote yaliyomo anayajua kwa sikio, kwa hiyo macho yatayakimbilia.

Unaishi mjini, maktaba ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu, na nyumbani yuko kijana wa sekondari naye yuko likizo: maktaba mara mbili kwa wiki, na umpe huyo kijana heshima ya kuwa msimamizi. Pesa ya vitabu iweke kwa Desemba.

Wazazi nyote wawili mnarudi usiku: tafuta tuisheni ya kikundi kidogo kwa usalama wa mchana, na boksi la vitabu kwa robo saa ya kabla ya kulala. Robo saa hiyo isikatwe hata ukichoka. Ukisinzia wakati anasoma, akuamshe.

Mtoto wa darasa la saba au la sita hahitaji kusikilizwa kila siku. Anahitaji kitabu kinachohusu anachokipenda, mpira, injini, mapishi, na uhuru wa kukiacha akikichoka. Gazeti la michezo ni usomaji pia.

Wazazi walio Ulaya, Amerika au Ghuba wana likizo ndefu kuliko yetu na shida tofauti. Uingereza maktaba za umma huendesha kila kiangazi changamoto ya kusoma kwa watoto, ilianza 1999, ni ya bure. Waandikisheni huko kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, pakueni hadithi za ngazi ya chini hata kama mtoto ana miaka kumi, na usomaji ufanyike kwa simu ya video na bibi aliye Mombasa au Bujumbura. Bibi atamsahihisha matamshi kwa upendo ambao programu yoyote haina.

Na kama hujui mtoto wako yuko ngazi gani, usinunue chochote wiki hii. Leo jioni mwite, mpe kitabu chake cha shule, umwambie akusomee ukurasa mmoja kwa sauti. Kaa upande wake, uone kidole kinasimama wapi. Kikisimama kwenye "nywa", "ng'o" na "mbwa", anza na mtu wa kumfundisha silabi. Kikipita bila kusimama, muulize anataka kusoma kuhusu nini, na andika jibu lake kabla hujatoka kwenda dukani au maktaba.